Mkono wa Watu Watatu

Maziwa yalinijaa kifuani nikiwa napanda matete. Mimi, ambaye sijawahi kuzaa wala kunyonyesha mtoto wa mtu.

Nilikuwa nimekaa sebuleni kwetu, katika mji wa Nurvik, nchi ya Sivela, glavu zimenifika viwikoni. Mikono yangu ilikuwa mbele ya macho yangu, inachota hewa tupu, lakini tope nililolishika lilikuwa mbali kabisa, kule bwawani, baridi kama ini la samaki. Nachomeka mche, nabana udongo kwa dole gumba, nasogea. Nachomeka, nabana, nasogea. Mara kifua kikaniuma, kikawa kizito, na kitoto kikalia mahali ambapo hapakuwa na mtoto.

"Bibi," nikaita. "Siwema ameondoka na mwanawe?"

Bi Kuruthumu, mzee wetu, alikuwa dirishani anachambua choroko kwa mikono yake inayotetemeka. Jua la Sivela la kiangazi, ambalo halizami, lilikuwa limemkalia begani kama paka.

"Wameenda zao kwenye bafu la mji. Kwani vipi?"

"Nimejaa maziwa."

Akacheka mpaka choroko zikamwagika. "Hongera, mwanangu! Kwa umri huo! Na baba mtoto ni nani, lile korongo?"

Korongo ndilo jina tulilozipa zile mashine. Zina miguu mirefu myembamba, zinatembea bwawani ndani ya ukungu pasipo sauti, zinainama, zinainuka. Ukizitazama kwa mbali utasema ni ndege wanaoota ndoto ya kuwa watu. Barafu iliyokuwa chini ya ardhi ya Sivela iliyeyuka yote enzi za babu za wenyeji, na nchi ikaanza kuteleza kuelekea baharini, shamba kwa shamba, kanisa kwa kanisa. Wakagundua kwamba matete yakipandwa vizuri yanaishika. Sasa nani wa kupanda? Mwenyeji hataki tope. Korongo lina miguu, halina akili ya vidole. Vidole wakavitafuta kwetu, watu wa delta, tuliopandikiza mpunga tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu, hadi bahari ilipopanda ikatuchukulia mashamba, na wakubwa wa wakati ule wakatuambia tusubiri. Tulisubiri. Nakumbuka sauti ya kila aliyetuambia tusubiri, na shati alilovaa.

Nirudi kwenye glavu. Zinapokea mwendo wa vidole vyako na kuupeleka kwa korongo. Halafu zinakurudishia ubaridi, ulaini, jiwe lililojificha. Na zinakumbuka. Kila mara unapozivaa zinajifunza namna yako, ili kesho vidole vikichoka, zenyewe zivisaidie kidogo. Mafundi wao wanaiita kumbukumbu ya mkono. Jambo ambalo mafundi hawakulifikiri, kwa kuwa fundi hajawahi kushinda na mpunga, ni kwamba mkono haufanyi kazi peke yake. Mtu anapochomeka mche anamuwaza mwanawe, anamuwaza marehemu wake, anawaza ugomvi wa jana. Yote hayo yanashukia vidoleni, na glavu, masikini, hazijui kuchagua. Zinaokota kila kitu.

Nikazivua. Maziwa yakakauka papo hapo, nikabaki na kifua changu kikavu na kitu kama huzuni, nayo haikuwa yangu.

* * *

Kwa haki glavu zile zilikuwa za Siwema peke yake.

Tuliposhuka melini, kila mtu mzima aliambiwa aweke mkono juu ya bamba la kioo. Mkono wa Bi Kuruthumu ulitetemeka, bamba likamkataa. Wangu nao, ncha za vidole zimeungua kwa mafuta ya maganda ya korosho, miaka ile ya kiwandani. Hazina hata mstari mmoja. Bamba likanitafuta lisinione. Lilisema hapa hapana mtu. Nilitukana mpaka askari akaja, ingawa hakunielewa. Siwema, binti wa kaka yangu, ambaye huniita Da Mwanne, mjane, mtoto mgongoni, bamba lilimpenda mara moja. Akapewa glavu. Sisi wawili tukaandikwa wageni wake: yeye akikaa tunakaa, yeye akiondoka tunaondoka.

Siku ya kwanza kabisa alikuwa katikati ya mstari, mtoto akaanza kulia njaa. Siwema akavua glavu, akakaa chini kunyonyesha. Bi Kuruthumu, bila kusema hata neno, akazivaa, akaendelea pale pale mwenzake alipoachia. Mimi nikampokea Bibi alipotaka kwenda kuswali. Kwetu ndivyo tunavyopandikiza. Mwenye mtoto akitoka, jirani yake anaingia kwenye mstari wake, na mwisho wa shamba hakuna anayeuliza mstari huu ulikuwa wa nani. Kumwachia mwenzio mstari nusu ni aibu ya kusimuliwa harusini. Kwa hiyo hakuna aliyefikiri tumevunja sheria ya watu. Tulifikiri tuna adabu.

Na ndani ya glavu mikono ya Bibi iliacha kutetemeka. Vidole vyake vya zamani vilirudi. Akawa anapanda haraka kuliko sisi, macho amefumba, anaimba chini kwa chini.

Sasa niseme jambo ambalo si rahisi kwangu kulisema. Kazi ile haikuwa na kengele. Unavaa ukitaka, unavua ukitaka, mche unakungoja. Waliitangaza kwa maneno matamu, kazi huru, kazi ya kujipangia, na mimi nilicheka kwa dharau, maana maneno hayo nimeyasikia kwa watu ambao hawakutaka kutujengea hata choo. Nilisimama kwenye lango la kiwanda alfajiri ngapi, msimamizi akinyoosha kidole: wewe, wewe, wewe hapana. Ule nao waliuita uhuru. Kazi isiyo na kengele mara nyingi ni kazi isiyo na mwisho. Hilo nililisema melini, nikalisema bandarini, na bado nalisema.

Lakini nilimwona Siwema kwa macho yangu.

Wenzetu waliotangulia, walioajiriwa kwenye banda la samaki, wana miaka na miaka Nurvik na lugha ya nchi hawaijui zaidi ya "samahani, nimechelewa". Wataijulia wapi? Wanaingia kengele ikilia, wanatoka kengele ikilia, wanalala. Siwema alikwenda bafuni saa ambayo wanawake wa mji wanakwenda bafuni. Alimpeleka mtoto kwa daktari bila kumpigia mtu magoti kuomba ruhusa. Alipita njia ndefu ya sokoni makusudi ili apotee na kuuliza. Akirudi anavaa glavu, anapanda kidogo, anavua, anatoka tena. Kila siku alirudi na neno jipya mdomoni, analigeuzageuza kama pipi. Nchi ilikuwa inamzoea, naye anaizoea, taratibu, kama mche unavyokaa siku kadhaa umelegea halafu asubuhi moja unaukuta umesimama wima.

Mimi saa zangu nilizitumia kwenye mikutano ya kwetu, na Kiswahili changu. Kulikuwa na mengi ya kupinga.

* * *

Siku ile ile ya maziwa Siwema alirudi nywele zimelowa, mashavu yamewaka.

"Da Mwanne, leo nimegombana."

"Na nani?" Nilifurahi kabla sijajua sababu.

"Bafuni. Si unajua sisi wageni tunakaa benchi la chini, kule kwenye baridi? Kila siku nakaa, sijali. Leo nimesimama katikati ya watu uchi, nikawauliza, tangu lini? Nani aliamua? Nikapiga hivi." Akapiga ngumi kwenye kiganja cha mkono wa pili. "Mimi! Mimi ambaye nikikanyagwa naomba radhi."

Bi Kuruthumu akanitazama. Ngumi ile kwenye kiganja ni yangu. Nimeipiga kwenye malango yote ya ujana wangu.

"Wakafanyaje?" nikauliza.

"Kuna bibi mmoja, Oddni, mwenye fimbo, mkali huyo, hata mbwa wanampisha. Alinitazama we, nikajua leo napigwa. Akacheka, akasogea, akanipigia benchi: kaa." Siwema akakaa, mtoto mapajani. Uso wake ukabadilika. "Lakini nilipokuwa nasema, nililiona lango. La chuma, la kijani, limeandikwa kwa chokaa. Na harufu ya korosho zinaungua. Da Mwanne, mimi kiwandani sijawahi kufika."

Nje jua lilizunguka juu ya paa, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

"Basi ndiyo mambo yenyewe," Bibi akasema mwishowe. "Huyu kapata maziwa, wewe umepata matusi. Mimi nangoja nipate nini kwenu? Meno?"

Tulicheka, lakini tangu siku hiyo nikawa namtazama Siwema kwa pembeni. Akikasirika najiuliza: hii ni yake?

Bibi naye alikuwa na lake ndani ya zile glavu. Nje ya glavu alikuwa ameanza kusahau. Alisahau chumvi, akasahau jina la mji, na siku moja akaniuliza binti yake alikuwa na sura gani. Binti yake aliitwa Sijaona; alizama mwaka ule maji yalipokuja. Lakini akivaa glavu, akianza kuchomeka, Sijaona alikuwa kwenye mstari wa pembeni yake, kainama, kajifunga khanga kiunoni, anamtania mama yake kwamba amezeeka, amebaki nyuma. Hata mimi nilimwona. Nikipokea glavu zingali na joto la Bibi, pembeni ya jicho langu kulikuwa na msichana anapanda kwa haraka, na akigeuka kunitazama anageuka ukungu.

* * *

Dalvi alikuja tukiwa mezani. Huyu alikuwa ofisa wa makazi, kijana mwenye nywele nyeupe kama katani. Kiswahili alifundishwa na vikongwe wa meli ya kwanza, kwa hiyo anaongea kama bibi kizee.

"Hodi hodi, wanangu. Hamjambo humu ndani? Miguu yangu mie, hainiwezi."

"Karibu, ajuza," nikamwambia. "Kaa."

Akakaa. Hakugusa chai. "Nimekuja na neno jema na neno la kunyong'onyesha moyo. Mkono wa Siwema ndio bora bwawani kote. Ulipopanda mkono ule, ardhi haijasogea hata unyayo. Mji unataka kumpa kiti." Kiti ndiyo ruhusa yao ya kukaa nchini moja kwa moja. "Atasomwa ukumbini, ataweka mkono kwenye bamba, bamba liulinganishe na kumbukumbu iliyo kwenye glavu. Sasa..." Akashusha sauti. "Mie nimezitazama glavu. Mkono ule una watu watatu. Mmoja ana jina, wawili hawana."

"Majina tunayo," nikasema. "Mmekataa kuyaandika."

"Bibi wee, usinipigie kelele, nina presha." Alikuwa na umri wa kuwa mwanangu wa mwisho. "Bamba litamkataa Siwema kama lilivyowakataa nyie. Atarudishwa melini, na mtoto. Lakini ipo njia. Naweza kuzichuja glavu. Namwacha Siwema, nawatoa nyie wawili. Hakuna atakayejua."

"Unatoa nini hasa?" Siwema akauliza.

"Namna zao za kupanda. Na yaliyokuja pamoja nazo."

Mtoto aligonga kijiko mezani. Bi Kuruthumu alikuwa anatazama mikono yake, inatetemeka juu ya kitambaa.

"Chuja," akasema. "Mtoto huyu akae mahali pakavu. Sijaona ameshazama mara moja, njia anaijua."

"Hakichujwi kitu!" Nilikuwa nimesimama. "Kazi wameifanya watu watatu, ardhi yao imeshikwa na watu watatu, watoe viti vitatu. Twende ukumbini tuseme wazi. Nimezeeka nikisikia habari za mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma unapita mmoja, halafu anaufunga, halafu wanatuambia: mnaona, mbona mwenzenu alipita?"

"Na wakikataa?" Siwema aliuliza polepole.

"Tutapigana."

"Nani, Da Mwanne? Huyu?" Akamnyanyua mtoto kidogo. "Huyu ndiye atapigana melini?"

Nilifungua kinywa. Nina majibu ya swali hilo. Nimeyatoa kwa wanawake wengi, malangoni, watoto migongoni, na wengine walinifuata na wengine walipoteza. Nawakumbuka waliopoteza kuliko walioshinda. Nikakaa.

"Wewe, hata mbu akikuuma unaitisha mkutano," Bibi akasema, lakini kwa upole.

Siwema akamwambia Dalvi asichuje kwanza. Akavaa glavu. Alipanda mfululizo, akatusukuma kila tulipotaka kumpokea, macho kayafumba, midomo inacheza. Sijui huko ndani alikuwa anaongea na nani. Labda na Sijaona. Labda na mimi, yule wa zamani, wa langoni. Na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimemwaga miaka yangu yote ya hasira ndani ya glavu zile, na yeye sasa alikuwa ameingiza mikono hadi viwikoni.

* * *

Ukumbi wa Nurvik hauna jukwaa. Watu wanakaa kwenye viti vya mbao kuzunguka kuta, kila mwenyeji na kiti kilichochongwa jina la ukoo wake, na anayesomwa anasimama katikati. Dalvi alitueleza desturi yao mlangoni. Bamba likimkubali mgeni, mwenyeji mmoja anainuka na kuacha kiti chake wazi. Mgeni anakikalia. Anayeinuka anarudi nyumbani kuchonga kingine, na kuanzia hapo huyo ni mtu wake, wa kumwita kwenye msiba na kwenye harusi.

"Na bamba likimkataa?" nikauliza.

"Bamba ni ushauri tu. Wenye viti ni wao. Lakini tangu nizaliwe mie sijaona mtu akiinuka bamba likikataa."

Mwanga ulikuwa unaingia kutoka kila upande, mweupe, hauna kivuli, watu wote wanaonekana kama wamechorwa kwenye maziwa. Niliwaona wanawake wa bafuni, wamevaa leo. Oddni na fimbo yake. Upande wangu kulikuwa na mwanamume mnene wa banda la samaki, ambaye niliwahi kumfokea sokoni juu ya kengele yake. Mkuu wa ukumbi, mama mrefu mwenye sauti ya chini, akamwonyesha Siwema bamba.

Siwema hakuweka mkono. Alimpa Bi Kuruthumu mtoto, akawageukia watu, akaanza kusema.

Alisema kwa lugha yao. Sikuelewa. Mimi, mwenye maneno, nilisimama kama gogo nikamsikiliza mtoto wa kaka yangu akiongea maneno laini yanayofanana na maji chini ya barafu, na nikadaka majina tu. Kuruthumu. Sijaona. Mwanne. Alionyesha namna mwenye mtoto anavyotoka kwenye mstari, na jirani anavyoingia. Alichota hewa, akachomeka, akabana kwa dole gumba, na nikaona wazee wawili watatu vidole vyao vikijisogeza vyenyewe mapajani. Halafu sauti ikapanda. Na ngumi ikapiga kiganja.

Ilikuwa ngumi yangu. Hata namna ya kuinua kidevu.

Ukumbi ukavuma. Mkuu wa ukumbi akainua mkono, akaongea na Dalvi kwa muda, na Dalvi akanijia, uso umemwiva.

"Bibi, sikiliza. Siwema ameungama kwamba mkono ni wa watatu. Anataka viti vitatu au asipewe hata kimoja. Mkuu anasema wanajua glavu huambukiza. Imewahi kutokea. Sheria inasema aliyeingiliwa mkono hana kosa. Anakuuliza wewe, kwa sababu alikuona ulivyopiga ngumi kiganjani mbele ya askari siku ile ya bandarini. Anayesema pale katikati ni Siwema, au ni wewe?"

"Nikisema ni mimi?"

"Glavu zitachujwa, Siwema atapewa kiti, mtoto pia. Bibi Kuruthumu atabaki kama mgeni wake. Wewe utapanda meli."

"Na nikisema ni yeye?"

"Basi mtakaa au mtaondoka wote, kama watu watakavyoamua."

Sikujua. Naapa hadi leo sijui. Nilimtazama pale katikati, kidevu juu, nikatafuta mshono, mahali Siwema anapoishia na mimi ninapoanzia, sikuupata. Nilikuwa nimetamani maisha yangu yote mtu asimame hivi. Na sasa kasimama, na huenda ni mimi niliyemsimamisha, kama lile korongo bwawani, miguu yake, vidole vyangu. Mtoto alikuwa anavuta skafu ya Bi Kuruthumu. Bibi alikuwa anatabasamu kwa mtu asiyekuwepo.

"Ni mimi," nikasema.

Dalvi alifumba macho kidogo, kisha akatafsiri.

Siwema aligeuka. Sijawahi kumwona vile. Alinijia hatua kwa hatua, na aliponifikia alisema Kiswahili, ili nisikose neno.

"Chukua glavu, Da Mwanne. Chukua kiti. Maneno yangu usiyachukue."

"Mwanangu, nataka mtoto..."

"Najua unataka nini. Hasira ni yako, sikatai, nimeikuta mle ndani, nikaipima kama kiatu cha mtu. Ingenibana ningeivua. Lakini yale maneno niliyosema hapa unayajua wewe? Huyajui hata moja. Nimeyaokota mwenyewe. Bafuni, sokoni, kwa daktari, neno kwa neno, saa zile ambazo wewe na Bibi mlikuwa mmenishikia mstari. Saa zile mlinipa nyie. Nimezifanyia hiki. Wewe umegombana na dunia nzima ili watu wasisemewe. Leo ndiyo unanisemea?"

Hakuna aliyetafsiri, na hapakuwa na haja. Wale wanawake wa bafuni walikuwa wananitazama kama wao ndio shangazi zake.

"Ni yeye," nikamwambia Dalvi. "Mwambie mkuu nilidanganya. Anayesema ni yeye."

Siwema akarudi katikati, akaweka mkono kwenye bamba. Bamba likawa jekundu. Likamkataa, kama Dalvi alivyosema.

Mwanga ule mweupe, usio na saa, ulikaa juu yetu. Nilifikiri, hivi ndivyo nchi inavyomfikiria mtu: haina haraka, haina uso.

Fimbo ikagonga sakafu. Oddni aliinuka kwa taabu, akakipiga kiti chake teke kidogo kukisogeza mbele, akasema neno moja kwa Siwema, kali, kama mtu anayemwita mjukuu mezani chakula kinapoa. Siwema akakaa. Na palepale mzee mmoja kati ya wale waliochezesha vidole, kofia mkononi, akasimama, akamshika Bi Kuruthumu kiwiko, akamkalisha na mtoto wa Siwema mapajani. Bibi akamshukuru kwa dhati, akamwita jina la mumewe.

Viti viwili.

Tulingoja cha tatu. Siwema alikuwa anawatazama mmoja mmoja. Niliwatazama na mimi, na nikaona kwamba hawanichukii, hawanijui tu. Wanamjua mwanamke anayefoka kwa lugha isiyo yao. Mkuu wa ukumbi alingoja kwa heshima, muda mrefu, kisha akasema jambo, na watu wakaanza kujinyoosha.

"Glavu hazitachujwa," Dalvi akaninong'oneza. "Mkono uliopewa viti viwili na watu ni mkono wa mji, hata bamba likiukataa. Wewe unabaki mgeni wao mpaka usomaji wa mwakani. Pole, bibi yangu. Pole sana."

Hotuba nilikuwa nayo. Ilipanda hadi kooni, nzima, na mwanzo wake na mwisho wake, kuhusu viti na nani aliyevichonga na kwa miti ya nani. Niliishikilia pale. Ningeitoa, wangesikia kelele za mama mmoja mgeni.

Nikaenda kwa Siwema, kwenye kiti chake. Alikuwa analia, lakini kidevu kiko juu.

"Niambie," nikasema, "kwa lugha yao, mtu akitaka kumuuliza mwenzake jina, anasemaje?"

Akaniambia. Akarudia polepole. Nikavuka ukumbi hadi kwa yule mwanamume mnene wa banda la samaki, ambaye alikuwa bado kakaa, mikono kifuani, ananiona ninavyokuja na anajiandaa kufokewa. Nikalitamka lile swali. Nililivunja katikati, nikaliokota, nikalitamka tena.

Akalitamka yeye, ili nisikie linavyotakiwa kuwa, na nikalirudia hadi akaitikia kwa kichwa kwamba sasa angalau ni neno.

Hakuinuka. Lakini jina lake alilitaja, na baada ya hapo akauliza langu.